Mimba ya Kwenye Picha

Mteja aliingia kwenye karakana ya kudarizi kuchukua mtandio wa harusi ya bintiye, na kabla hata hajaketi akanyoosha mkono akamshika Desmawarni tumbo. Alilipapasa kwa upole, kama mtu anayechagua papai, kisha akauliza kama ni miezi minne au mitano.

Warni, kama walivyozoea kumwita, alisimamisha cherehani. Alijibu kwamba hana mimba.

"Acha kuficha, mwanangu," mama yule alisema. "Mji mzima wa Bukittinggi unajua."

Akatoa simu yake na kumwonyesha. Warni alijiona mwenyewe akiwa na taji la dhahabu la bibi harusi, picha ya miaka mitano nyuma. Kando yake palibandikwa picha ya tumbo kubwa la mwanamke asiyemjua. Chini yake yaliandikwa maneno kwa herufi nyekundu kwamba huyu alikuwa tasa, aliota ndevu kama mwanamume, hedhi ilimkimbia, na sasa ni mjamzito kwa sababu ya dadih ya Rosnida, maziwa ya mgando yaliyo dawa ya tumbo na ya uzazi.

Wadarizi wenzake walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Warni aliukunja ule mtandio, akauweka kwenye mfuko, akampa mwenyewe na kumtakia harusi njema. Alipoketi tena alishindwa kutunga uzi. Rosnida hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mama yake mdogo, mdogo wa mama yake mzazi, na walikuwa wakilala nyumba moja chini ya mlima Singgalang na kupika jiko moja.

Ugonjwa wenyewe ulimwanza Warni akiwa msichana wa shule. Hedhi ilikuja ilipopenda, mara mbili kwa mwaka, mara moja, kisha ikajificha. Mwili ulinenepea kiunoni ingawa miguu ilibaki ileile. Kidevuni ziliota nywele nyeusi ngumu, akawa anazing'oa kwa kibanio kila asubuhi kabla ya kufunga mtandio. Daktari wa kwanza alimpitisha kile chombo chake tumboni, akaona ovari zimejaa vifuko vidogo vidogo kama shanga, akamwambia apunguze wali na apunguze mwili, na kwamba akishazaa mambo yatakaa sawa. Warni alimuuliza atazaaje kama mayai hayapevuki. Daktari akamwambia asiwe na mawazo mengi, akamwita mgonjwa mwingine.

Basi akapunguza wali. Mwaka mzima alikula mboga za kuchemsha huku nyumba nzima ikila nyama iliyokaangwa kwa tui mpaka ikakauka na kuwa nyeusi, na harufu yake ikimfuata hadi chumbani. Tumbo halikusogea. Rosnida alikuwa akisema mezani, mbele ya wageni, kwamba mtu hanenepi kwa kula hewa, kwa hiyo lazima kuna mahali Warni anakula kwa kujificha.

Na ndani ya nyumba ile jambo hili halikuwa lake peke yake. Kwao nyumba na mashamba ya mpunga ni ya wanawake. Mume ndiye anayehamia kwa mkewe na begi lake. Mama yake, Syamsidar, alizaa wavulana watatu na Warni. Rosnida alizaa wavulana watupu. Watoto wa wale wavulana walikuwa wa koo za mama zao. Nyumba ingebaki kwa Warni, na baada yake kwa binti wa Warni, na binti huyo hakuwepo. Kila aliyekuja kula sikukuu alimtazama tumbo kwanza, uso baadaye.

Miezi kadhaa kabla ya picha ile, alijiunga na utafiti wa chuo kikuu kule Padang. Aliyeuendesha aliitwa daktari Wirda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alimweleza Warni kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wa aina nyingi mno, na kwamba kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu aina hizo huwa pungufu, au zimeparaganyika. Huenda ukuta wa utumbo hulegea, uchafu ukapenya kwenye damu, mwili ukawaka kama una kidonda cha ndani, insulini ikapanda, na insulini ikizidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Hapo ndipo nywele huota na mayai hukwama. Wachunguzi walishawahi kuchukua bakteria wa choo cha wanawake wagonjwa na kuwapandikizia panya wazima, na ovari za panya wale zikaharibika.

"Kwa hiyo si ulafi," Warni alisema.

"Nani alikwambia ni ulafi?"

Warni alianza kutaja majina, akaona hayatakwisha. Alilia pale kwenye kiti, na daktari akadhani ni huzuni, akampa karatasi ya kujifutia. Haikuwa huzuni. Alikuwa anakumbuka kila sahani aliyoisukuma pembeni.

Utafiti ulitaka choo chake, na mumewe, Afrinaldi, ndiye aliyekipeleka Padang kwa pikipiki ndani ya kisanduku cha barafu. Jirani alimsimamisha njiani kuuliza amebeba nini. Naldi akasema samaki, na jirani akataka auziwe wawili. Siku ile walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Warni akawa anakunywa kikombe kimoja kila asubuhi cha maziwa ya mgando yaliyotengenezwa chuoni kwa bakteria wa dadih, ileile dadih ya nyumbani, maziwa ya nyati yanayogandia ndani ya pingili za mianzi na kuliwa na pepeta za mpunga na sukari guru. Daktari alishawaeleza washiriki wote kwamba nusu yao watapewa bakteria hai na nusu watapewa waliouawa kwa moto, na kwamba hata yeye hajui nani anakunywa kipi mpaka mwisho.

Hedhi ilikuja. Mwezi uliofuata ikaja tena. Warni alimwambia mama yake tu, jikoni, kwa kumnong'oneza.

Kutoka karakana siku ile ya picha alikwenda moja kwa moja sokoni. Rosnida alikuwa amezungukwa na wanawake, pingili za mianzi zimepangwa mbele yake, midomo imefungwa kwa majani ya mgomba. Na picha ilikuwepo, kubwa, imetundikwa juu ya meza. Alipomwona Warni hakubadilika hata rangi.

"Tazameni, huyu hapa mwenyewe," aliwaambia wateja. "Njoo ukae, mwanangu, usisimame sana."

Wanawake waligeuka, wengine wakamwombea heri. Warni alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini aiondoe picha.

"Taratibu," Rosnida alimjibu kwa sauti ya wote kusikia. "Una mtu tumboni."

Warni alimshika mama yake mdogo mkono, akamvuta nyuma ya pazia la kibanda, akamuuliza anajisikiaje kusema uongo huku anamtazama usoni. Rosnida alijinasua bila hasira. Alisema hajamtukana mtu, amemwombea.

"Leo huna, kesho utakuwa naye," alisema. "Mimi nimetangulia tu."

"Hiyo picha ilikuwa kabatini kwa mama. Nani alikupa?"

"Muulize mwenye kabati."

Syamsidar alikuwa jikoni, ungo wa pilipili nyekundu mapajani, anakonyoa vikonyo. Warni alisimama mlangoni akamuuliza kama ni yeye aliyeitoa ile picha. Mama hakuinua uso. Alisema Nida, mdogo wake, aliiomba.

"Na mimba? Nayo aliiomba?"

Pilipili ziliendelea kudondoka ungoni, moja moja. "Watu wananiuliza miaka mitano, Warni. Kila harusi, kila msiba. Nilitaka kupita njiani mwezi mmoja tu bila kuulizwa."

"Mwezi wa tisa ungewaambia nini?"

"Ningesema imetoka."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itanyesha jioni.

"Mama. Yaani ungeniulia mtoto hata sijampata."

Syamsidar akanyanyua uso, macho yamemjaa machozi, na Warni hakutaka kujua kama ni ya pilipili au ya nini. Aliondoka. Tangu siku hiyo alipika chakula chake na cha mumewe barazani, kwenye jiko dogo la gesi, na harufu ya kitunguu chake ikawa inaingia ndani kwa wenye nyumba. Naldi alitaka kwenda kuzivunja pingili zote za Rosnida kwa nyundo. Warni alimkatalia. Alimwambia yeye ni mkwe, ni mgeni pale, akigusa kitu tu kesho itasemwa kwamba mwanamume wa nje amewapiga wanawake wa ukoo, na uongo wa picha utasahaulika.

Labda ingebaki hivyo, watu wa nyumba moja wasiosalimiana, kama asingekuja Gusneli.

Neli alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, muuza duka la viatu, na alikuja karakana kumtafuta mwanamke wa kwenye picha. Alikuwa mweupe midomoni. Alikuwa na ugonjwa huohuo. Hospitali walimpa vidonge vya kurekebisha sukari na vingine vya kupanga hedhi. Akamsikia Rosnida akisema kwamba vidonge huua bakteria wazuri na dadih haichanganyiki na dawa za hospitali, akaviacha vyote. Hedhi ilipotea kwa miezi, kisha ikaja na haikukata. Alikuwa akitoka damu kwa wiki nyingi. Rosnida alimwambia ni uchafu unatoka, aongeze pingili. Sasa alitaka kumuuliza Warni jambo moja, kwa heshima: yeye alivumilia muda gani mpaka mimba ikakaa?

Warni alimwambia hakuna mimba, haijawahi kuwepo.

Neli alimtazama kama hajasikia. Halafu akateleza taratibu kando ya ukuta mpaka sakafuni, na alipoketi, kitambaa cheupe cha harusi kilichokuwa kimetandazwa pale kikaanza kunywa damu. Walimbeba hospitali kwa gari la mwenye karakana. Alilazwa, akaongezewa damu. Mama yake Neli alipofika alimshukuru Warni na kumpa pole kwa usumbufu katika hali yake. Naye alikuwa ameiona ile picha.

Kesho yake Warni aliomba kikao cha ukoo. Mjomba Bakhtiar, kaka mkubwa wa Syamsidar na Rosnida, ndiye mwenye kauli katika nyumba ile, na alikuja na kofia yake nyeusi, akaketi, akanywa kahawa, akasikiliza pande zote bila kumkatiza mtu. Rosnida alisema wateja wake mia wanamshukuru na mmoja tu ameanguka, na huyo mmoja pengine alikuwa na lake. Alisema dadih si sumu, wameikula babu na bibi zao. Alisema pia, na hapa alilia kweli, kwamba alichotaka ni kumwona mtoto wa kike akitambaa kwenye sakafu ile kabla hajafa.

Mjomba aliamua. Picha iondolewe. Rosnida amwombe Warni radhi. Warni naye arudi kula na wenzake, na habari hii iishie ndani ya kuta hizi, kwa kuwa jina la ukoo likichafuka halina sabuni.

"Na Neli, mjomba?" Warni aliuliza. "Na wengine walioacha vidonge? Wao wako nje ya kuta."

"Hao wana wajomba zao."

"Wana picha yangu pia."

Mjomba alisema ameshamaliza. Syamsidar muda wote alikuwa ameinamia mikono yake. Rosnida akanyoosha mkono kuomba radhi, na Warni akauacha mkono ule ukining'inia, akatoka. Lilikuwa jambo ambalo hakuna mpwa aliyewahi kumfanyia mkubwa wake katika nyumba ile, na alijua.

Wiki hiyohiyo daktari Wirda alipiga simu. Utafiti umefungwa, alisema, na sasa anaruhusiwa kumwambia kila mshiriki alikuwa anakunywa nini. Kikombe cha Warni kilikuwa cha bakteria waliopikwa. Wafu watupu.

Warni akaanza kucheka, cheko baya, mpaka daktari akamuuliza kama yuko peke yake. Aliuliza, na ile hedhi je? Daktari akasema wakati mwingine huja tu. Labda ni kutembea, labda ni usingizi, labda ni tumaini, labda si chochote. Waliokunywa bakteria hai, baadhi walipata nafuu na baadhi hawakupata. Walikuwa wachache mno kwa yeye kusema ni dawa.

"Daktari, nimekuletea choo changu kwenye barafu, nikanywa vikombe vyenu miezi yote ile, ndiyo useme hujui?"

"Ndiyo," daktari alisema. "Sijui bado. Una haki ya kunikasirikia."

Warni alimkasirikia. Alimkasirikia kwa dhati, akakata simu bila kuaga. Lakini alipokuwa anafunga mtandio wake asubuhi iliyofuata, kibanio mkononi, aliona kwamba katika watu wote waliowahi kumweleza kuhusu mwili wake, ni huyo peke yake aliyewahi kusema hajui. Akakirudisha kibanio mezani bila kukitumia.

Siku ya gulio alikwenda sokoni. Picha ilikuwa imeondolewa, mjomba ametiiwa, lakini meza ilikuwa imejaa na maneno ya Rosnida yalikuwa yaleyale. Alikuwa akimweleza mama mmoja na bintiye kwamba mpwa wake alipona, ila sasa familia imeomba asitajwe. Warni alikuja akasimama kando ya meza, mahali pa muuzaji msaidizi.

"Mimi ndiye huyo mpwa," alisema.

Hakupaza sauti sana. Alisema hana mimba na hajawahi kuwa nayo. Alisema ana ugonjwa wa ovari tangu utotoni na hajapona. Alisema yale maziwa aliyokunywa hayakuwa ya mama yake mdogo, yalikuwa ya chuo, na bakteria wake walikuwa wamekufa wote kabla hajayatia mdomoni. Akashusha mtandio chini ya kidevu, wakaona nywele, nyeusi, za siku kadhaa. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya. Warni akasema kuna msichana aliyeacha vidonge kwa ajili ya picha yake na sasa yuko kitandani anaongezewa damu, na kwamba mwenye kunywa dadih anywe, ni chakula kizuri, yeye mwenyewe anaipenda, lakini asiyeacha dawa asiiache, na aliyeacha arudi kwa daktari leo.

Yule mama na bintiye waliondoka. Wengine watatu, wanne, wakawafuata. Mwanamke mmoja mzee alibaki, akanunua pingili mbili. Alisema yeye mumewe anataka ya kulia pepeta tu, hana haja na mimba. Rosnida alimhudumia, akamrudishia chenji yake. Kisha akamgeukia Warni.

"Umenivua nguo mbele ya soko zima."

"Nimejivua mimi, mama mdogo. Wewe ulinivalisha mimba."

Rosnida alianza kukusanya mianzi yake ndani ya kikapu, na Warni akasimama palepale mpaka meza ikabaki tupu, kwa kuwa hakumwamini.

Mjomba Bakhtiar hakuzungumza naye kwa muda mrefu, na kwenye sikukuu aliketi amempa mgongo. Rosnida alirudi sokoni baadaye, safari hii anauza dadih kama dadih, bila picha na bila hotuba. Wateja walipungua na alihakikisha kila mtu nyumbani anajua ni kosa la nani. Neli alitoka hospitali akarudia vidonge vyake. Warni alimwomba daktari Wirda amwingize kwenye awamu ya pili, na daktari akasema awamu ya pili inasubiri kibali na hajui itaanza lini. Warni akasema sentensi moja kuhusu watu wasiojua, ambayo Naldi alimwomba asiirudie mbele ya watoto wa jirani. Hedhi yake ilirudi kwenye tabia yake ya zamani. Nywele za kidevu siku nyingine alizing'oa, siku nyingine alikuwa na haraka akaziacha.

Aliendelea kupika barazani. Jioni moja alikuwa anachambua mboga, na mama yake akatoka ndani na kigoda, akakiweka upande wa pili wa beseni, akaketi. Alichukua fungu la majani, akaanza kuchambua.

"Leo msibani wameniuliza," Syamsidar alisema. "Nikawaambia mwanangu ni mgonjwa wa ovari. Walitaka kujua ni nini, nikashindwa kueleza vizuri. Nikasema mkamuulize mwenyewe, ila mjiandae, ana mdomo."

Warni aliendelea kuvunja vijiti vya mchicha.

"Sijakusamehe, mama."

"Najua."

"Na sijui lini."

"Najua," mama alisema, akavuta beseni kidogo upande wake ili alifikie vizuri.